Nyumba ya Kungojea, Kigera

Jumapili, 3 Machi 1985

Mvua imeanza, na Jeska amerudi.

Nimemwota alfajiri. Alikuwa amesimama ziwani, maji yakimfika kiunoni, pale mitumbwi ya Buringa inapoingilia. Nyuma yake walisimama wanawake wengine nisiowajua, wote wajawazito, wote wameloa. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ileile ya zamani alipokuwa akichelewa kurudi nyumbani: "Dada, fungua." Nikaamka mkono wangu unapapasa ukuta, natafuta komeo.

Jeska ni mdogo wangu. Masika ya mwaka juzi uchungu ulimkamata kule kwetu Buringa, ng'ambo ya ghuba. Barabara ilikuwa imekatika kama kawaida yake, wakampakia mtumbwini kumleta hospitali hapa Musoma. Hakufika. Alikufa katikati ya maji, mtoto akiwa bado tumboni.

Tangu hapo ananijia. Mwanzoni niliogopa. Nilifunga, nikaomba, na siku moja jibu likanijia moyoni, wazi kabisa: Mungu anataka nyumba. Nyumba hapa Kigera, kwenye kiwanja alichoniachia marehemu Thadeo, mume wangu. Wajawazito wa ng'ambo waje mapema kabla ya siku zao, wakae, wapike, wangoje, na uchungu ukianza wawe upande huu wa maji. Kuta zimesimama. Limebaki paa.

Mama alikuwa jikoni anachambua dagaa. Swali lake ni lile la kila asubuhi.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama."

"Hajambo?"

Anauliza kama watu wanavyouliza habari za binti aliyeolewa Bunda.

Alhamisi, 7 Machi

Leodgar, rafiki wa marehemu Thadeo, amefika na lori kutoka Sirari. Mwaka juzi watu kama yeye walikuwa wanasombwa kwa kukutwa na sabuni chini ya kitanda. Sasa anapita mchana kweupe, bati za Kenya zinapiga kelele barabara nzima, na polisi wanampungia mkono.

"Shemeji, nchi imefunguliwa," akasema. "Jana nilikuwaga mhujumu uchumi, leo ni mfanyabiashara. Mungu ni mwema."

Nikamwambia asimsingizie Mungu mambo ya Sirari. Alicheka sana. Lakini bati hazikutoka kwa kicheko: amechukua cherehani yangu, iliyotulisha mimi na Mama tangu Thadeo afe. Mama alipoiona inapandishwa lorini alikaa chini kwenye matope. Mimi nilisema haleluya kwa sauti kubwa kuliko imani yangu.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Mafuta ya taa hakuna mji mzima, kwa hiyo ninaandika kungali mwanga. Magesa, kaka yetu anayefanya kazi kwenye kinu cha pamba Bunda, ameleta misumari ndani ya soksi.

Ijumaa, 15 Machi

Paa limekwisha. Mvua ikilipiga hamsikilizani. Nimelia kwa furaha na hakuna aliyenisikia.

Jumapili, 17 Machi

Tumevuka na Mama kwenda Buringa, kwenye kanisa nililobatiziwa. Mchungaji Boniphace aliniita mbele nitoe ushuhuda.

Nilieleza yote: nyumba, vitanda vya kamba, jiko la nyuma. Na kwa kuwa ushuhuda lazima uwe na mwanzo, nikaeleza na ndoto. Nikamtaja Jeska kwa jina. Nikasema anasimama majini na wajawazito wenzake, anaomba mlango ufunguliwe. Kanisa zima lilinyamaza. Nikajua Roho ameshuka. Gati, mke wa Magesa, ambaye mimba yake imeanza kuonekana vizuri, aliinama akajifunika tumbo kwa kanga. Mama akasimama akapaza sauti: "Mwanangu yupo! Mwanangu anaongea!" Uso wake sijauona vile tangu msiba.

Wakati wa kuondoka hakuna mwanamke aliyetusindikiza hadi ufukweni. Nilidhani wanakimbia mvua.

Jumapili, 24 Machi

Hajaja mtu. Nimefagia.

Jumanne, 26 Machi

Hajaja mtu. Nimefagia tena. Mama: "Umemwona?" Nimemwona.

Jumatano, 27 Machi

Amekuja wa kwanza! Anaitwa Hyasinta, ametoka upande wa Butiama, amebeba mzigo wake kichwani na kuku kwapani. Alisikia habari za nyumba, basi, habari nyingine hajui. Nimempa kitanda cha karibu na dirisha. Alipojinyoosha alisema, "Huku kunakaliwaga na watu wa serikali nini? Kuzuri hivi!" Nimecheka mpaka nikaona haya.

Ijumaa, 29 Machi

Hyasinta ameondoka. Alikwenda sokoni kutafuta ndizi, akarudi mikono mitupu, macho yamemtoka. Alikusanya vitu vyake bila kuniangalia.

"Mama, sikukosei heshima," akasema akiwa mlangoni. "Ila wameniambia aliyejenga hapa ni nani."

"Nimejenga mimi."

"Wewe ni mikono tu. Aliyekutuma ni yule wa majini. Mimi nina mtoto tumboni, siwezi kulala kwa mfu."

Amemsahau kuku. Nimemkimbilia na kuku wake mpaka kituoni. Alimpokea kwa ncha za vidole.

Jumamosi, 30 Machi

Nimevuka peke yangu kwenda kwa Gati. Nilimkuta anaparua samaki wa ningu mlangoni. Aliniandalia kigoda, lakini alikiweka mbali na pale alipokaa.

"Wifi, mimi nakupenda," akaanza, na neno hilo likishaanza hivyo, linalofuata huwa halipendezi. "Lakini umesema mwenyewe, kanisani, tena kwa mdomo wako. Umesema anawaitaga wenye mimba. Umesema wapo nyuma yake. Wale ni akina nani kama si sisi?"

Nilikisogeza kigoda nyuma zaidi. Maana haya ninayajua! Nimezaliwa nayo. Kwetu mwanamke akifa na mimba tumboni, jina lake halitajwi mbele ya mjamzito. Nguo zake hairithi mtu. Njia aliyopitishwa kwenda kuzikwa, wenye mimba wanaikwepa. Inasemwa huko aliko ana upweke, anatafuta wenzake. Na mimi nilisimama mbele ya kanisa lililojaa wajawazito nikawaambia kwamba amewajengea nyumba, mlango uko wazi, waje.

Nilisahauje? Kwa sababu nilikuwa kanisani. Ukiwa kanisani, mambo ya nyumbani unayaacha nje pamoja na mwavuli, unadhani kila mtu ameyaacha. Wenzangu walikuwa wameingia nayo.

"Gati," nikamwambia, "ile ni njozi ya Mungu."

"Inawezekana, wifi. Ila mimi Mungu sijamwona humo. Nimemwona Jeska."

Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Mchungaji Boniphace ameamua kunisaidia. Ametumia mahubiri ya leo kuwakemea wanawake wa Buringa kwa ushirikina. Kila alipotaja jina la Jeska nilimwona mmoja anatoka nje. Asante kwa msaada.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Ninashona kwa mkono mapazia ya nyumba isiyo na mtu. Umemwona? Nimemwona.

Jumatatu, 15 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Jana mchana, baada ya ibada, nilisikia wanaume wanaita kutoka majini. Mtumbwi ulikuwa unatoka Buringa, wanaupiga makasia kama watu wanaofukuzwa, mvua inawapiga. Nilishuka mbio hadi maji yakanifika magotini. Ndani alikuwa amelala Eufrasia, mke wa jirani wa akina Gati, ambaye tuliimba wote kwaya tulipokuwa wasichana. Alikuwa na uchungu tangu usiku wa kuamkia jana. Mumewe amemshika kichwa, anamwambia, "Tumefika, tumefika, ona kulee nyumba." Alikuwa anamwonyesha nyumba yangu. Bati zilikuwa zinang'aa na mvua.

Eufrasia aligeuza macho akaziona. Kisha akaniona mimi nimesimama majini, nguo zimeloa, nanyoosha mikono kumpokea. Akapiga kelele. Sijapata kuogopwa hivyo na kiumbe cha Mungu. Alimng'ang'ania mumewe, anasema, "Usinishushe hapa, usinishushe kwake." Na yule mwanamume, aliyekuwa na akili zake zote asubuhi, akawaambia wapiga kasia wasogee mbele, wakashukie Mwigobero mjini.

Nilikimbia ufukweni sambamba nao, napiga kelele kwamba wamshushe tu, nitatafuta mkokoteni, hospitali ni hapo. Hawakuniangalia. Kabla hawajaipita miamba iliyo njiani kwenda mjini walisimama, makasia juu. Nikajua.

Ndipo wakarudi kwangu. Aliye hai hawezi kushuka kwangu, ila maiti anaweza. Tulimlaza kwenye kitanda cha karibu na dirisha. Sanda ya kununua ingetaka karatasi ya kibali na siku zake, kwa hiyo nilimfunika kwa mapazia niliyokuwa nashona. Mwanamke wa kwanza kulala ndani ya nyumba ile akatulia ni huyo.

Kama angekuja wiki iliyopita, leo angekuwa analalamika kwamba uji wangu una chumvi nyingi. Ni mimi niliyemfungia mlango, kwa mdomo wangu, nikidhani naufungua.

Jumanne, 16 Aprili

Nimewaota. Eufrasia sasa yuko mkono wa kulia wa Jeska, na pazia langu mabegani.

"Umemwona?" Mama akauliza. Nilikuwa nimechoka, nikasema, "Wameongezeka." Kufikia saa sita habari ilikuwa sokoni. Mama yangu nampenda, lakini hana kifua. Kwake, kusema kwamba Jeska ana mwenzake ni kusema kwamba Jeska bado yupo, na habari njema kama hiyo utaifichaje?

Ijumaa, 19 Aprili

Mama amenieleza jambo ambalo nilikuwa nalijua nusu tu. Tulikuwa tunamenya mihogo.

"Wazee wanasema aliyekufa na mimba jina lake halirithishwi. Linaishia hapo," akasema. "Ila akija mwenyewe ndotoni, hawawezi kumkatalia. Gati akizaa wa kike, nitawaambia Jeska alikuja, na shahidi ni wewe. Tutamwita. Tutakuwa tunasema Jeska njoo ule, Jeska acha kuchezea maji."

Alikuwa anatabasamu peke yake. Ameanza kushona kofia ya mtoto kutoka kwenye sketi ya marehemu, ile aliyoificha isitupwe.

Jumapili, 21 Aprili

Sikwenda ibada. Nimekaa ndani ya nyumba tupu nikazungumza na Mungu kama mtu anavyozungumza na mwajiri. Nimemwambia: Ndoto umeleta wewe. Nyumba umetaka wewe. Hofu ni ya watu. Mimi naweza kugusa kitu gani hapo?

Mvua tu.

Jibu limekuja jioni, nikipepeta mchele, na sikulipenda. Kama ndoto ndiyo inayoufunga mlango, ndoto iondoke. Nimejibu kwa sauti: "Bwana, huo utakuwa uongo." Sikuongezewa neno.

Alhamisi, 25 Aprili

Gati amebakiza mwezi. Barabara ya Buringa imekatika tena.

Jumapili, 28 Aprili

Nimefanya.

Niliomba nafasi baada ya matangazo. Mchungaji Boniphace alinikaribisha akitabasamu, alidhani naleta ushuhuda mwingine. Nilimtafuta Gati kwa macho, nikamwona nyuma kabisa karibu na mlango. Nikajiambia nazungumza na huyo mmoja tu.

"Wapendwa, ile ndoto niliyosimulia hapa sikuiota. Nimeitunga. Jeska hajanijia hata mara moja."

Mchungaji akanisogelea. "Dada Dorkas, unasema ulisimama hapa mbele za Bwana ukadanganya?"

"Ndiyo."

"Kwa faida gani?"

Hilo nilikuwa nimejiandaa nalo njia nzima mtumbwini. Uongo ukitaka kuaminika lazima uwe na aibu ndani yake. "Nilitaka mwone kwamba Mungu amenichagua. Mimi ni mjane, sina mtoto, nani ananitazama? Nilitaka nitazamwe."

Nilipolisema niligundua kwamba kipande fulani ni kweli, na nikaanza kulia, na kilio kile ndicho kilichowashawishi. Mwanamke mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Na Eufrasia je? Tumemzika kwa sababu ya hadithi yako!" Nilikubali kwa kichwa.

Wazee wa kanisa walijadiliana palepale. Nimetolewa kwaya. Sitagusa Meza ya Bwana, na popote nitakaposali nitakaa benchi la nyuma mpaka waone toba yangu. Yote hayo nilikuwa nimeyapima.

Nilichokuwa sijakipima ni Mama. Alikuwa amekaa upande wa kina mama, kofia ile ya mtoto mapajani. Nilipomaliza alisimama, akaikunja, akaikunja tena, akatoka nje kwenye mvua. Nilimkuta amekaa mtumbwini, anatazama upande wa pili.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimemwona. Alisimama palepale, lakini hakusema kitu. Aliniangalia kama mtu anayeulizwa yeye ni nani nyumbani kwao.

Mama alikuwa jikoni. Nilingoja. Hakuuliza.

Alhamisi, 2 Mei

Hakuuliza.

Jumatano, 8 Mei

Hakuuliza. Ananipa chakula, ananiitikia salamu, ananiambia kuni zimeloa. Ningependa anitukane.

Ijumaa, 10 Mei

Gati amefika, na Magesa nyuma amebeba godoro. Alisimama mlangoni akiangalia kila kona ya nyumba.

"Nimekuja kwa mwongo," akasema.

"Karibu kwa mwongo."

"Afadhali mwongo aliye hai, wifi." Akaingia, akakaa kwenye kitanda, akakitikisa kuona kama kinalia. "Ila mambo haya unayafanyaga bila kufikiri! Sisi tulikuwa tunakufa kwa hofu."

Nikasema nisamehe. Akasema ameshasamehe, kuna chakula?

Jumapili, 19 Mei

Wamejaa. Wa Buringa, na wawili wametoka Mugeta kwa lori la pamba. Wanagombania jiko, wanasukana, wanasema paa linapiga kelele. Hyasinta naye amerudi, na kuku mwingine. Mmoja amejifungua Alhamisi hospitali, akapita hapa kuchukua vyombo vyake, hakuniaga. Si neno.

Nilipokuwa nachota maji niliwasikia wanamweleza mgeni kwamba mwenye nyumba ana ugonjwa wa kutunga mambo, asimwamini ila kwa uji.

Jambo moja linanitisha kuliko mengine. Nimeulizwa mara nyingi na nimejibu mara nyingi, mpaka leo niliposema "nilitunga," kwa kitambo kidogo nilikumbuka nikitunga. Niliona kabisa nimekaa nikipanga maneno. Ilibidi nikae chini.

Alhamisi, 23 Mei

Mvua inapungua. Nimemwota mchana nilipopitiwa na usingizi. Ametoka majini. Amekaa ufukweni na wenzake, wanakausha nywele, wamegeukia ziwa. Hakuita mtu. Nilikimbilia jikoni nimwambie Mama, na nilifika mpaka kwenye kizingiti.

"Unataka nini?" akauliza.

"Chumvi," nikasema.

Jumapili, 26 Mei

Gati amejifungua salama hospitali, mtoto wa kike. Jioni walimrudisha hapa kwa mkokoteni, akiwa amechoka, anacheka, anaomba supu ya sato. Wenzake walipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Magesa alizunguka nyumba hajui aweke wapi mikono.

Mama alimtoa mtoto nje, jua la jioni, akaja akakaa nami kwenye mkeka. Halafu akasema, bila kuniangalia:

"Dorkas. Kesho wataniuliza jina. Mimi sasa ni mzee, siku zangu si nyingi. Niambie mimi peke yangu. Jeska ulimwona?"

Ndani walikuwa wanaimba. Niliwahesabu kwa sauti zao, waliojifungua na wanaongoja. Nikamtazama mama yangu, ambaye hajawahi kukaa na neno likalala ndani yake hata usiku mmoja, na ambaye kesho angesimama mbele ya wazee wa Buringa aseme kwa furaha yote kwamba shahidi yupo. Mlango ungefungwa kabla ya jioni. Na uso wake ulikuwa umeanza kuwaka, kidogo, kama siku ile kanisani.

"Sikumwona, mama. Nilitunga."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Akanikabidhi mtoto. "Basi wachukue jina la upande wa mama yake," akasema, na akaingia ndani kuangalia supu.

Mtoto ataitwa Bhoke, jina la mama yake Gati. Ni jina zuri. Nilimbeba pale nje mpaka alipolala.